Serikali Ijengapo kwa Mikono Yake

Somo la Elimu ya Watu Wazima kwa Redio. Maneno ya somo yamepigwa chapa hapa ili wewe na kikundi chako mpate kuyasoma tena kwa nafasi na kuyazungumza.

  Leo tutasoma habari za majengo ya serikali: madarasa, zahanati, nyumba za walimu na barabara. Hatutasoma namna ya kupanga matofali, maana kazi hiyo mafundi wanaijua. Tutauliza swali jingine: serikali inapotaka kujenga, nani aifanye kazi hiyo? Na akiisha kuifanya, nani atajuaje kama fedha zilikwenda mahali pake?

Swali hili ni lako wewe uliye Misunkumilo, katika Manispaa ya Mpanda, kama lilivyo la mtu wa Dar es Salaam au Mwanza. Darasa likijengwa katika kata yako, mtoto wako ndiye atakayekaa ndani yake. Likiachwa limesimama boma, bila paa, ni mtoto wako atakayesoma chini ya mwembe. Kwa hiyo fuata somo hili polepole, na mahali palipo na hesabu chukua kalamu uipige mwenyewe.

NJIA MBILI ZA KUJENGA

Tuanze na jambo la nyumbani. Mtu akitaka kujenga nyumba yake ana njia mbili. Njia ya kwanza, humwita fundi mkubwa akamwambia, "Nijengee nyumba yote, unipe ufunguo. Wataka fedha kiasi gani?" Wakipatana, fundi hununua saruji, hutafuta vibarua, na hasara ikitokea ni yake. Njia ya pili, mwenye nyumba hununua vitu mwenyewe, huviweka chumbani mwake, kisha humlipa fundi ufundi wake tu. Kila jioni huja kuhesabu mifuko iliyotumika.

Serikali nayo ina njia hizo hizo mbili. Ya kwanza ni kumpa kazi mkandarasi, ambaye wazee wetu walimwita kontrakta. Hutangazwa zabuni, wakandarasi huandika bei zao, mmoja huchaguliwa na mkataba hutiwa sahihi. Njia ya pili ni serikali kujenga yenyewe kwa watumishi wake, mitambo yake na fedha zake, au kwa kununua vifaa na kuajiri mafundi wa mahali pale wapewe ujira wa kazi tu. Njia hii ya pili ndiyo inayoitwa katika halmashauri zetu fosi akaunti. Watu wengi hudhani ni jambo jipya lililozuka miaka ya karibuni, kumbe ni la zamani sana.

Sasa tazama tofauti iliyo kubwa kuliko zote. Katika bei ya mkandarasi mna vifaa, ujira, mitambo, gharama za ofisi yake na faida yake. Akiwa amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, na hiyo imo, asilimia 18. Tena mna kitu kingine kisichoonekana kwa macho, nacho ni bei ya hatari. Ukuta ukianguka kabla ya jengo kupokewa, mkandarasi ataujenga tena kwa fedha zake. Hata baada ya kupokewa kuna muda wa matazamio, na sehemu ya malipo yake huzuiliwa mpaka muda huo upite. Serikali ikijenga yenyewe, haimlipi mtu faida wala bei ya hatari, lakini hatari yenyewe haikuondoka. Imehama tu kutoka begani kwa mkandarasi ikakaa begani mwa serikali, yaani begani mwako na mwangu. Shika jambo hili moja, maana habari zote zinazofuata zinalieleza.

RELI YA MOMBASA HADI ZIWA VICTORIA

Kazi kubwa ya kwanza ya namna hii katika Afrika ya Mashariki ilikuwa Reli ya Uganda. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwezi wa Desemba 1901. Urefu wake ulikuwa maili zaidi ya 580. Serikali ya Uingereza haikumpa kontrakta kazi hiyo. Iliijenga yenyewe, chini ya kamati iliyokaa London, na injinia mkuu, George Whitehouse, akawa huku Afrika. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na katika hao karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na mengineyo.

Bunge la Uingereza lilikuwa limekubali fedha paundi 3,000,000. Kazi ilipokwisha, gharama zilikuwa karibu paundi 5,500,000. Wabunge walinung'unika, wakauliza kwa nini kazi haikutolewa kwa zabuni, kwani kontrakta angefungwa na bei yake. Wengine walijibu kwamba nchi yenyewe ilikuwa haijapimwa vizuri. Hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika miteremko ya Bonde la Ufa wala maji yatapatikana wapi, na kontrakta ambaye angekubali hatari hiyo angetaka bei ya kutisha.

Wewe waonaje? Pande zote mbili zilikuwa na neno la kweli. Serikali iliyojenga yenyewe iliweza kuanza mapema na kubadili mipango njiani bila kugombana na mtu juu ya mkataba. Lakini hapakuwa na mlango wa kuzuia gharama. Kila mwezi ulipokwisha, kilichotumika kilitumika.

Basi, je, kontrakta ndiye dawa? Tazama yaliyotokea miaka 20 baadaye katika nchi ile ile. Mwaka 1921 serikali ya Kenya ilianza kujenga reli kutoka Nakuru kwenda uwanda wa Uasin Gishu, nayo ilifika Eldoret mwaka 1924. Safari hii kazi ilipewa kampuni, Griffiths and Company, lakini ilipewa bila zabuni ya wazi. Palizuka maneno mengi, hata katika Bunge la London, juu ya bei waliyopatana. Reli ya kwanza ilikuwa na kazi bila mkataba. Hii ya pili ilikuwa na mkataba bila ushindani. Katika zote mbili mlipa kodi alikaa nje ya mlango, hakuona hesabu ilivyokuwa ikipigwa ndani.

DAFTARI LA LONDON

Tutoke kidogo Afrika Mashariki, twende katika mji ule ule wa London ulikokuwa ukitawala reli hizo. Katika miaka ile ya 1890 Baraza la Mji wa London lilikuwa na shida ambayo halmashauri nyingi za leo zinaijua. Lilitaka kujenga mfereji wa maji machafu katika York Road. Injinia wake alikadiria paundi 7,000. Zabuni zilipofunguliwa zilikuwa mbili tu, na kila moja ilizidi paundi 11,000. Baraza likakataa zote mbili, likaajiri wafanyakazi na kujenga lenyewe, na kazi ikaisha kwa gharama iliyo chini ya makadirio ya injinia. Baraza lilifurahi, likaunda idara yake ya ujenzi.

Lakini haikupita miaka mingi, mwaka 1896, jambo la aibu likagunduliwa. Baadhi ya watumishi wa idara walikuwa wakigeuza hesabu. Kazi iliyopata hasara, vifaa vyake viliandikwa katika daftari la kazi iliyopata nafuu, ili zote mbili zionekane zimekwenda vizuri. Uchunguzi ulifanywa, watu wakaondolewa kazini. Idara iliendelea miaka kadhaa, lakini maadui zake walikuwa wamepata fimbo ya kuipigia, na baada ya chama kingine kushika baraza mwaka 1907, ilifungwa.

Angalia vizuri, msomaji. Mfereji ulikuwa mzuri na mafundi walikuwa hodari. Kilichoiua idara ni daftari. Wahenga wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba mali yenye daftari la uongo hupotea vilevile, tena huondoka na jina jema la waliofanya kazi kwa haki.

TANGANYIKA YA ZAMANI

Sasa turudi nyumbani. Waingereza walipoitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, palikuwa na Idara ya Kazi za Serikali, ambayo watu wote waliijua kwa herufi zake tatu, P.W.D. Idara hii ilikuwa na mainjinia wake, maseremala wake, stoo zake na kambi za barabara. Boma la Bwana Shauri, nyumba za watumishi, hospitali na madaraja mengi yalijengwa na kutunzwa nayo. Ndiyo fosi akaunti ya siku zile, ijapokuwa watu wa kawaida hawakuiita kwa jina hilo.

Pamoja na hiyo palikuwa na hazina za wenyeji, hasa tangu sheria ya mwaka 1926 iliyowapa machifu na mabaraza yao madaraka ya utawala wa chini. Hazina hizo zilijenga mabaraza, zahanati na barabara ndogo. Katika upande wetu, Mpanda ilihesabiwa katika Jimbo la Magharibi, na makao makuu ya jimbo yalikuwa Tabora, mbali kabisa. Mpanda yenyewe ilikua kwa sababu ya machimbo ya madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira Minerals. Kwa ajili ya machimbo hayo ilijengwa reli kutoka Kaliua, yapata kilomita 210, nayo ilifika karibu na mwaka 1950. Machimbo yalifungwa mwaka 1960, lakini reli na mji vilibaki.

Haifai kusifu zama zile bila kusema ubaya wake. Mikono iliyojenga haikuwa ya hiari siku zote. Mtu aliyeshindwa kulipa kodi ya kichwa aliweza kutakiwa aifanyie kazi kodi hiyo, na mara nyingi kazi yenyewe ilikuwa barabara ya serikali. Vitabu vya hesabu vilionyesha barabara iliyojengwa kwa gharama ndogo sana. Havikuonyesha shamba lililokosa mkulima majuma yale, wala chakula kilichopungua nyumbani. Nayo ni hatari ya pili ya serikali kujenga yenyewe: gharama yaweza kufichwa katika mgongo wa mtu asiyeweza kusema. Urahisi wa namna hiyo si urahisi.

BAADA YA UHURU

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, kazi ya mikono ilipata heshima mpya. Kwa wito wa Uhuru na Kazi, watu walijitolea kujenga shule, zahanati, visima na barabara za vijijini. Mwaka 1963 likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka 1974 mkutano wa TANU uliofanyika Musoma ulikata shauri kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote kufika mwaka 1977. Madarasa hayakuwapo ya kutosha. Yalijengwa na wanavijiji kwa matofali yao, serikali ikitoa mabati na vitu ambavyo kijiji hakikuweza kuvipata.

Watu wengi walisoma katika madarasa hayo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini palikuwa na upungufu. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya ziliondolewa, na kazi zao zikashikwa na watumishi wa serikali kuu walioletwa mikoani. Halmashauri zilirudishwa mwaka 1984. Katika miaka ile nchi ilikuwa na shida ya fedha za kigeni. Greda likivunjika kifaa kimoja lilisimama uani mwa injinia wa mkoa miezi mingi, huku dereva wake akiendelea kulipwa mshahara. Idara inayojenga yenyewe, lakini haina vipuri wala mafuta, ni idara ya kulinda mitambo iliyolala.

Kwa hiyo kuanzia miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Wahisani walishauri, na serikali ikakubali, kwamba kazi nyingi zitolewe kwa wakandarasi. Wakala wa Barabara, TANROADS, ulianzishwa mwaka 2000, na wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, mwaka 2017. Wakala hizi husimamia, na kazi nyingi hufanywa na wakandarasi. Barabara ya lami ya Tabora, Koga hadi Mpanda, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 340, ilijengwa na wakandarasi, na kwa kazi kubwa kama ile ni vigumu kufikiri njia nyingine. Hakuna halmashauri yenye mitambo ya kutosha kujenga lami ya namna hiyo.

FOSI AKAUNTI INARUDI

Lakini darasa si barabara ya lami. Mkandarasi mkubwa hataki kufunga safari mpaka kata ya mbali kwa ajili ya vyumba viwili, na akija ataingiza katika bei yake safari, kambi na usumbufu. Sheria ya Manunuzi ya Umma ya mwaka 2011, pamoja na kanuni zake za mwaka 2013, iliiacha wazi njia ya serikali kujenga yenyewe, kwa masharti. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 njia hiyo ilitumiwa kwa nguvu. Vituo vya afya vilijengwa na kukarabatiwa katika wilaya nyingi, kila kimoja kwa shilingi milioni 400 au 500 hivi, kwa mafundi wa mahali pale.

Kisha ulikuja mwaka 2021. Serikali ilipata mkopo wa dola milioni 567 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, zilizo kama shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kupambana na madhara ya UVIKO-19. Katika fedha hizo madarasa 15,000 yalipangiwa kujengwa: 12,000 ya sekondari kwa shilingi bilioni 240, na 3,000 katika shule shikizi kwa shilingi bilioni 60. Piga hesabu mwenyewe: kila darasa ni shilingi milioni 20. Kazi ilipangiwa miezi michache tu, ili wanafunzi wa Januari 2022 wapate mahali pa kukaa, na karibu kila kata nchini iliona mafundi wakichanganya zege kwa wakati mmoja.

Labda utauliza, "Je, ilikuwa rahisi kweli?" Bei ya darasa ilikuwa ndogo kuliko ile waliyozoea kutaja wakandarasi. Tena fedha ya ujira ilibaki katika kata: fundi, kibarua, mwenye mkokoteni na mama ntilie wote walipata riziki. Huo ni wema wa njia hii, wala hautakiwi kudharauliwa. Lakini taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara ubaya wake pia: kazi kuchelewa, usimamizi kupungua kwa kuwa mainjinia wa halmashauri ni wachache, vifaa kununuliwa bila kushindanisha bei, kumbukumbu kukosekana, na majengo kubaki hayakuisha baada ya fedha kuisha.

Ndugu msomaji, hayo ndiyo yale yale ya London na ya Reli ya Uganda. Mahali na mwaka vimebadilika, lakini hatari iliyohama bega haikupata mtu wa kuitazama.

HESABU YA MFUKO WA SARUJI

Sasa chukua kalamu. Huu ni mfano wa kufundishia tu, haukutokea mahali popote. Tuseme kamati ya Misunkumilo imeletewa shilingi 20,000,000 za darasa moja. Tuseme inahitaji mifuko 150 ya saruji, na bei ya haki ya mfuko mmoja uliofika Mpanda ni shilingi 20,000. Anayenunua hakuuliza bei katika maduka mengine, akalipa shilingi 1,500 zaidi kwa kila mfuko. Hasara ni 1,500 mara 150, yaani shilingi 225,000. Tena mifuko 10 ikaondoka stoo usiku bila kuandikwa. Hasara nyingine ni shilingi 200,000. Jumla ni shilingi 425,000.

Utasema, "Ni kidogo, katika milioni 20." Ngoja. Kama jambo hilo lingetokea katika kila darasa la yale 15,000, hasara ingekuwa shilingi 6,375,000,000. Gawanya kwa milioni 20. Utapata madarasa 318. Madarasa 318 yangepotea nchini, wala hapangekuwa na mwizi mkubwa hata mmoja wa kufikishwa mahakamani. Yangepotea kwa mifuko kumi hapa na shilingi elfu moja na mia tano pale.

Tena hiyo ni saruji inayohesabika. Kuna hasara isiyoonekana mpaka mvua zinyeshe. Fundi akizidisha mchanga katika mchanganyo, au zege lisipomwagiliwa maji siku saba, ukuta utapakwa rangi na kupendeza siku ya kufunguliwa. Mwaka wa pili utapasuka. Kama angekuwapo mkandarasi aliye katika muda wa matazamio, ungemwita. Katika fosi akaunti, utamwita nani? Fundi amekwisha kulipwa ujira wake na amekwenda. Utaijenga tena wewe kwa michango. Ndiyo maana ya wahenga waliosema, Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KAMATI TATU

Basi, ulinzi uko wapi? Katika utaratibu wetu ulinzi umewekwa katika kamati zenye wananchi ndani yake. Kamati ya manunuzi hutafuta bei na kununua. Kamati ya mapokezi huhesabu vitu vinapofika na kuvilinganisha na karatasi ya oda. Kamati ya ujenzi husimamia mafundi na maendeleo ya kazi. Injinia wa halmashauri hutoa michoro na makadirio ya vifaa, hukagua kila hatua, tangu msingi, lenta, kupaua mpaka umaliziaji, naye hutoa idhini kabla ya fundi kulipwa.

Kwa nini kamati ni tatu na si moja? Kwa sababu aliyenunua asiwe yeye anayehesabu, na aliyehesabu asiwe yeye anayetumia. Anayenunua mifuko 150 akijua kwamba mwingine ataihesabu mlangoni, ataleta 150. Lakini kamati hizo zikiwa majina matatu ya watu wale wale, au wajumbe wakitia sahihi karatasi waliyoletewa nyumbani jioni bila kuuona mzigo, ulinzi umekwisha. Yamebaki maandishi tu, kama daftari la London.

Wako watu wasemao, "Sisi hatukusoma uhasibu, tutawezaje kukagua?" Jibu ni kwamba kazi hii haitaki uhasibu mwingi. Yataka mambo manne ambayo kila mtu mzima anayejua kusoma aweza kuyafanya.

Kwanza, tazama ubao wa matangazo wa shule au wa ofisi ya mtendaji. Fedha iliyopokewa na iliyotumika yatakiwa ibandikwe pale. Isipobandikwa, uliza katika mkutano wa mtaa, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika.

Pili, linganisha vitabu viwili: karatasi ya vitu vilivyonunuliwa na daftari la stoo. Tofauti ikiwapo, iandikwe katika kumbukumbu za kikao siku hiyo hiyo, kabla ya mtu kusahau au kusahaulishwa.

Tatu, mapatano na fundi yawe ya maandishi, yakitaja kazi, siku na ujira. Malipo yafuate hatua iliyokaguliwa. Fundi aliyelipwa yote kabla ya kupaua ni vigumu kumrudisha juu ya paa.

Nne, fundi na kibarua walipwe kwa wakati. Tumeona ubaya wa majengo yaliyojengwa kwa migongo ya watu wa kodi. Michango ya nguvu ya wananchi ni jambo jema ikiwa ya hiari, tena ikiwa imeandikwa katika hesabu kwamba ilitolewa, ili mtu asije akadai fedha za kazi iliyofanywa bure.

NENO LA MWISHO

Kuna watu wanaotetea mkandarasi kwa kila kazi, na kuna wanaotetea fosi akaunti kwa kila kazi. Habari za miaka zaidi ya mia moja tulizozisoma hazimpi ushindi hata mmoja wao. Kazi iliyo kubwa, yenye mitambo mingi na ufundi wa pekee, yafaa mkandarasi aliyeshindanishwa kwa zabuni ya wazi. Kazi ndogo iliyo karibu na watu, inayojengwa kwa michoro ya kawaida, yafaa mikono ya mahali pale. Lakini ukiichagua njia hii ya pili, ujue kwamba faida uliyomnyima mkandarasi si zawadi. Ni mshahara wa macho yako. Usipoyatumia, umenunua kwa rahisi kitu kitakachokuwa ghali, na kama wasemavyo sokoni, rahisi ghali.

Mkoa wetu wa Katavi ni mpya, ulianza mwaka 2012 ulipogawanywa kutoka Rukwa. Mkoa mpya hujenga sana, na sehemu kubwa ya majengo yake yatakuwa ya namna tuliyoisoma leo. Wanaojenga ni ndugu zetu na jirani zetu, wengine twasali nao na kuzikana nao. Ndiyo sababu yafaa hesabu iwekwe wazi, ili jirani aliyefanya haki aweze kulala bila kushukiwa, na aliyefanya vingine ajulikane mapema, kabla ya fedha kwisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kata yenu, jengo gani la serikali lilijengwa na mkandarasi, na lipi lilijengwa kwa fosi akaunti? Lipi limedumu vizuri, na kwa nini?

2. Nani wajumbe wa kamati ya mapokezi ya shule iliyo karibu nanyi? Walichaguliwa lini, na nani aliwachagua?

3. Rudieni hesabu ya saruji kwa kutumia bei ya leo katika maduka ya Mpanda. Mmepata hasara kiasi gani?

4. Je, yafaa wananchi wachangie nguvu zao katika jengo ambalo serikali imekwisha kutoa fedha zake zote? Kila mmoja atoe sababu.

Kiongozi wa kikundi aandike majibu yenu katika daftari la somo, na tarehe ya siku mliyozungumza. Kwa heri, ndugu msomaji, mpaka somo letu lijalo.